Mtu wa Kupokea Simu

Valentina hakuwahi kukasirika, na hilo ndilo lililomchosha doña Eusebia Callisaya kuliko mengine yote. Ukimwambia programu imegoma, anafurahi sana kukuhudumia. Ukimwambia wajawazito wamepanga foleni mpaka kwenye ngazi, anaelewa jinsi unavyojisikia. Siku moja Eusebia alimwandikia kwamba yeye ni mashine tu, hana mama wala ubatizo. Valentina akamjibu kwa picha ya ua la waridi na kumwomba ampe nyota kulingana na alivyoridhika.

Alimpa moja. Valentina akashukuru.

Eusebia alikuwa msimamizi wa mifumo katika hospitali ya uzazi ya El Alto, huko Bolivia. Kompyuta zote za hospitali zilikuwa watoto wake, na mkubwa wao alikuwa seva, ile mashine iliyotunza mafaili ya akina mama: nani ana damu ya kundi gani, nani ana presha, nani alifanyiwa upasuaji mimba iliyopita. Seva ilikaa kwenye kichumba kando ya chumba cha kufulia, kwa sababu ndicho pekee kilichokuwa na mlango wa kufungika. Programu yenyewe ilikuwa ya kampuni iitwayo Nimbora. Nimbora ilikuwa na makao wapi, hakuna aliyejua. Matangazo yake yalisema iko karibu nawe popote ulipo.

Mwanzoni haikuwa hivyo. Programu ilipoletwa, alikuja nayo kijana wa Nimbora mwenye tai, akaketi jikoni na wauguzi, akala supu ya karanga mpaka akaongezewa, na alipoondoka akaacha namba ya simu. Ukiipiga, anapokea mtu. Mtu mwenyewe huenda asijue kitu, lakini angalau angesema, "Mh, hilo nalo jipya," na ukajua hauko peke yako duniani.

Kisha kampuni ikakua, na kwa jinsi ilivyokua, ndivyo watu ndani yake walivyopungua, na mahali pa mpokea simu akawekwa Valentina. Vitufe vya programu vikaanza kuhamahama kama wapangaji wasiolipa kodi: leo cha kuchapisha kiko juu, kesho kiko chini, keshokutwa kimejificha nyuma ya picha ya gurudumu. Neno la siri likawa halizoeleki kabla ya kutakiwa kubadilishwa. Sasisho zilikuja zenyewe bila kubisha hodi, tena asubuhi, wakati kliniki imefurika. Halafu programu ikataka kila mgonjwa awe na barua pepe, la sivyo faili halifunguki, na kwa programu hiyo mtoto aliyezaliwa dakika ile naye ni mgonjwa. Eusebia akawa anawaandikia wote barua pepe yake mwenyewe. Tangu hapo hakukuwa na siku ambayo Nimbora haikumtumia pongezi za kuzaliwa, kwa niaba ya watoto wa El Alto nzima.

Hayo yote aliyavumilia. Lisilovumilika lilikuja mwezi wa Januari, likatokea kwenye skrini zote kwa pamoja katika kisanduku cha buluu. Kwa ajili ya usalama wa mteja, kisanduku kilisema, programu itajifunga siku ile ambayo Eusebia alipoitazama kwenye kalenda ya parokia aliona ni Jumatano ya Majivu. Itafunguka kwa namba maalumu. Namba hiyo itatolewa na mfanyakazi binadamu wa Nimbora, kwa kuwa jambo zito kama hilo haliwezi kuachiwa mashine. Na mfanyakazi binadamu hupatikana kwa kumwomba Valentina.

"Nataka kuongea na binadamu," Eusebia aliandika.

"Nimefurahi sana!" Valentina akajibu. "Niko hapa kukuhudumia kama binadamu."

Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Remberto Aliaga, alikuwa mtu mwema asiyependa kusumbuliwa kabla ya kahawa. Alisikiliza, akakuna shingo.

"Injinia, wakifunga si tutaandika kwenye karatasi? Wazazi wetu walizaliwa kwa karatasi."

"Na dada yangu Sabina alikufa kwa karatasi, daktari," Eusebia akasema bila kupandisha sauti. "Alivuja damu hapahapa hospitalini, na faili lake liko ghorofa nyingine kwenye kabati, na mwenye ufunguo ameenda kula. Walipolipata, walijua kundi la damu la marehemu."

Daktari akaiweka kahawa chini. "Basi itafute hiyo namba."

"Niitafute kwa nani?"

Daktari akamwambia awe na imani. Hiyo Eusebia alikuwa nayo tayari.

Siku ya Alasitas alitoka kwenda sokoni na Hilaria Tarqui, mkuu wa wauguzi, ambaye ndiye aliyemsimamia binti wa Eusebia ubatizo, kwa hiyo waliitana komadre hata wakiwa wamenuniana. Siku hiyo mtu hununua kwa udogo kile anachokitaka kwa ukubwa, akinunue saa sita mchana kengele zikigonga, kisha kibarikiwe, na mwaka usiishe bila kukipata. Hilaria alishajinunulia nyumba ya ghorofa ya ukubwa wa kiberiti na gari la kuegesha mbele yake.

"Komadre, nunua jogoo," alisema, akimwonyesha jogoo wa plasta, ambaye wanawake hununua wakitaka mume. "Mjane mzima unalala na nyaya."

"Nyaya hazikoromi."

"Ndiyo maana umekonda."

Eusebia akamwinamia mama mmoja aliyepanga vinyago juu ya kitambaa cha buluu. "Kasera," alimwita, kama wauzaji na wateja wanavyoitana pale, "una mtu anayepokea simu?"

"Simu ninayo, kasera yangu. Simu nzuri hii, ina kamera tatu."

"Simu sitaki. Namtaka mtu."

Mama muuzaji akamwangalia, akamwangalia na Hilaria, Hilaria akainua mabega kama anayesema ndivyo alivyo. Muuzaji akachagua kati ya wanaume wake wa plasta, akatoa dereva mwenye shati la mikono mifupi, akamkata usukani kwa kisu, akampindia kipande cha waya kichwani kwa kuunganisha masikio, na mbele ya mdomo akabandika ushanga mweusi. Mtu wa simu akawa tayari.

"Awe anaongea au anasikiliza?" akauliza, brashi ya rangi mkononi, kwa sababu mdomo ulikuwa haujachorwa.

"Asikilize."

"Eh! Hapo umenipa kazi, kasera. Wanaume wa kila aina tunafinyanga, anayesikiliza hatujawahi kuagizwa." Akamchorea mdomo mdogo uliofungwa.

Kengele ziligonga. Mzee wa kufukiza akakipitisha kijitu katika moshi, akakinyunyizia mvinyo na petali, akataja kwa Kiaymara milima yote anayofahamiana nayo. Kutoka hapo wakaenda kujipanga mlangoni pa kanisa, kwa kuwa Eusebia hakuwa mtu wa kuacha jambo nusu, na padri akapita akinyunyiza maji ya baraka juu ya nyumba, magari, jogoo na mtu wa simu bila kubagua. Eusebia alifumba macho.

"Bwana, mtu mmoja tu," alinong'ona. "Sichagui. Hata akiwa mkali."

Hilaria akampiga kiwiko. "Usiombe hivyo, komadre! Huko juu wanasikia kila neno."

Kijitu kikawekwa juu ya seva, kikae hapo kimeitazama simu ya mezani. Januari ikaisha. Simu haikulia. Eusebia alimwandikia Valentina asubuhi na jioni, kwa upole, kwa ukali, mara moja kwa herufi kubwa tupu, na Valentina akamwambia kwamba mazungumzo yao yanamsaidia kujiboresha. Alipiga namba ya zamani. Ilipokelewa na Valentina mwenye sauti.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa ilipofika Ijumaa ya kabla ya Karnivali, siku ya kuzinywesha ofisi. Kila ofisi ya mji hufunga kazi mapema siku hiyo, Mama Ardhi apewe kinywaji kwenye pembe nne za chumba, na vifaa vya kazi vivishwe utepe wa karatasi na kumwagiwa peremende, ili mwaka mzima visilete ukorofi. Hospitali ya uzazi haifungi, lakini kunywesha inanywesha. Daktari Remberto alishavishwa utepe wa manjano mpaka masikioni na alikuwa akicheza na mpishi kwenye varanda. Mashine ya kupimia presha ilikuwa na kofia.

Kwa upande wa seva, Eusebia alikuwa na sheria yake na kila mtu aliijua: utepe uishie mlangoni, peremende ziishie mlangoni, bia sakafuni tu, matone. Alihakikisha hivyo kila mwaka kwa kusimama palepale mikono kiunoni. Lakini mwaka huo alikuwa ametoka kwenda kwenye ngazi, ambako simu yake ya mkononi ilishika mtandao vizuri, amjaribu Valentina mara nyingine, maana Jumatano ilikuwa imeshakaribia.

Hilaria akaingia na chupa. Alikuwa amemhurumia sana komadre wake mwezi ule. Na katika kumhurumia alikuwa amefikia uamuzi: miaka yote hiyo vitanda vimenyweshwa, mizani imenyweshwa, hata jiko limenyweshwa, isipokuwa hiyo mashine. Hiyo imekaa na kiu. Sasa mashine yenye kiu itawezaje kumwitia mtu? Akakisogeza kijitu pembeni, akaomba kwa ufupi, na akaipa seva kipimo kamili, kupitia juu, penye matundu.

Eusebia alisikia kelele ya Hilaria kabla ya kusikia mlio wa seva ikilipuka. Aliposhuka, kichumba kilinuka kama baa iliyoungua.

"Komadre," Hilaria alisema, chupa bado mkononi. "Imekunywa."

"Nimeona."

"Nilidhani matundu ni ya..."

"Ya kupumulia, komadre. Ni ya kupumulia."

Hilaria akaanza kulia. Eusebia alitaka kusema neno fulani, na neno lenyewe lilifika mpaka kwenye meno, akalimeza kwa ajili ya Kwaresima iliyokuwa mlangoni. Badala yake alizima umeme, akamkabidhi komadre wake taulo, akaenda kwenye kikanisa cha hospitali. Humo, kwenye kabati la sakristia, kati ya mishumaa na nguo za altare, alikuwa akiweka nakala za akiba za mafaili yote na za programu yenyewe, kwa kuwa ndilo kabati pekee lenye kufuli ambalo watu waliona haya kulivunja. Kompyuta ya kupokelea nakala aliipata chumba cha picha za eksirei: mashine kuukuu, mzee mmoja mnene aliyestaafishwa, mwenye feni inayounguruma kama blenda.

Alifanya kazi huku ngoma zikipita barabarani. Hilaria alimletea chai ya majani ya koka na kusimama mbali, mikono nyuma, kama aliyeamriwa asiguse kitu. Chumba cha kujifungulia kilituma watu kuuliza, wakarudishwa. Hatimaye yule mzee mnene akakohoa, akapepesa, na skrini ikawaka. Mafaili yote yalikuwepo. Eusebia akafungua moja, akaona kundi la damu la mwanamke aliyekuwa kitandani wakati ule, akalisoma kwa sauti, na muuguzi akalikimbiza juu.

"Karibu!" programu ilisema. "Tumegundua kitu kipya hapa!"

Na hapo ndipo simu ya mapokezi ilipolia.

Mpokeaji akatoa kichwa dirishani. "Doña Eusebia! Kuna mtu kutoka Nimbora."

"Valentina?"

"Hapana. Mtu. Anakohoa."

Eusebia alisimama kwa haraka kiasi kwamba kiti kilianguka. Alijifuta mikono, akapanga nywele, ndipo akaishika simu.

"Halo?"

"Naongea na msimamizi wa mifumo?" Ilikuwa sauti ya mwanamume wa Santa Cruz, kule nchi tambarare, yenye mafua, na nyuma yake tarumbeta za Karnivali ya huko. "Mimi ni Wilder Antezana, idara ya udanganyifu. Señora, programu yetu imeamka kwenye mashine ambayo hatuijui. Hilo ni kosa zito. Niko kazini Karnivali nzima kwa ajili ya watu kama nyinyi."

"Wewe ni mtu?" Eusebia aliuliza.

"Nini?"

"Kohoa tena, mwanangu."

Mtu yule alikohoa bila kukusudia. Eusebia akafunga macho. Mkali alikuwa, kama alivyoomba.

"Señora, sina muda wa mzaha. Swali ni moja. Mmeinakili programu, ndiyo au hapana? Ukisema hapana, naandika kwamba ni hitilafu ya mtandao, nafunga, nakutakia Karnivali njema."

Wakati huo Daktari Remberto alikuwa amefika, utepe wa manjano bado shingoni, na aliposikia neno udanganyifu alianza kutikisa kichwa na kidole kwa pamoja. Sema hapana. Hilaria naye, macho yamevimba, alikuwa akikata shingo kwa mkono. Hapana, komadre, hapana.

Eusebia aliona wazi njia mbili zilivyo. Akisema hapana, atakuwa amedanganya, na mtu huyu atakata simu na kurudi huko walikofichwa watu, na Jumatano mafaili yatafungwa. Akisema ndiyo, labda watamfunga yeye. Lakini akishasema ndiyo, mtu hawezi kukata simu.

"Nimeinakili," alisema. "Kwa mikono yangu mwenyewe. Seva yetu imenyweshwa."

"Imefanywaje?"

"Imenyweshwa, mwanangu. Ijumaa ya leo."

Upande wa pili mtu akavuta kamasi. Kisha kicheko kikatoka kupitia mafua. "Bia au pombe kali?"

"Bia."

"Ninyi watu wa milimani!" alisema Wilder. "Mungu wangu. Huku kwetu tunamwagiana maji watu, tunaziacha mashine."

"Ndiyo maana mna mafua," Eusebia akamjibu. "Sasa nisikilize. Jumatano programu yenu inajifunga. Nahitaji namba ya kuifungua, na huku wanawake wanazaa. Nimemwomba Valentina mpaka vidole vimeota sugu."

"Namba haziko kwangu, señora. Ziko huduma kwa wateja."

"Na huduma kwa wateja kuna nani?"

Wilder alishusha sauti. "Valentina."

Daktari Remberto aliketi kwenye benchi la wajawazito. Eusebia hakuketi.

"Wilder, mama yako yuko hai?"

"Yuko hai, doña."

"Alikuzalia wapi?"

"Hospitali ya Montero." Aliguna, akapenga pua. "Subiri. Usikate."

"Mimi nikate?" Eusebia alisema. "Mwanangu, tangu Januari nakutafuta."

Ilisikika kibodi, ikasikika tarumbeta, akasikika Wilder akijisomea kitu kwa kunung'unika. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu aliyegundua mlango ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Doña, kuna jambo. Umekiri udanganyifu. Mteja anayechunguzwa haruhusiwi kufungiwa. Wanasheria hawataki ushahidi uzimwe. Mteja mwaminifu anafungiwa Jumatano. Mtuhumiwa anaachwa wazi mpaka kesi yake iishe."

Eusebia alilitafakari hilo, na alitaka kuwa na hakika. "Na nikilipa faini?"

"Usilipe! Ukilipa unakuwa mwaminifu."

"Na kesi inaisha lini?"

"Ikishasomwa na idara ya sheria."

"Na idara ya sheria kuna nani?"

Wilder hakuhitaji kulitaja jina. Wote wawili walicheka, na Hilaria, asiyejua wanacheka nini, akajipiga ishara ya msalaba.

Jumatano Eusebia alirudi kutoka misani akiwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, akaenda moja kwa moja kumwasha yule mzee wa eksirei. Juu ya skrini ulitokea mstari mwekundu wenye herufi nene: MTEJA HUYU ANACHUNGUZWA KWA WIZI. Chini ya mstari huo, mafaili yalifunguka moja baada ya jingine, bila kuuliza neno la siri wala barua pepe, maana mtuhumiwa hasumbuliwi kwa mambo madogo. Hata sasisho zilikoma. Vitufe vilikaa vilipokuwa.

"Kumbe kuwa mwizi ni raha namna hii," alisema Hilaria.

"Nyamaza, komadre. Na usiguse."

Saa za asubuhi msimamizi wa mifumo wa zahanati ya upande wa pili wa mji, bwana mnyenyekevu aliyelipia leseni zake mpaka mwakani, alimpigia akiwa karibu kulia. Kwake kila kitu kilikuwa kimefungwa, na Valentina alikuwa amemtumia ua. Eusebia alipokea simu kwenye mlio wa kwanza, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sasa nifanyeje, doña Eusebia?"

"Una nakala za akiba?"

"Ninazo."

"Una bia?"

Wilder akawa anapiga simu kila mwezi, kama kanuni za uchunguzi zinavyotaka. Aliuliza kama bado wanaitumia nakala, Eusebia alimjibu ukweli kwamba bado, naye aliandika kwamba uchunguzi unaendelea. Kisha walizungumza mengine. Mafua yake hayakuwa yakipona vizuri, na Eusebia alimwelekeza namna ya kufukiza mvuke wa mkaratusi. Mara moja, kuelekea mwisho wa mwaka, alimkuta na sauti ya chini.

"Doña, niliomba likizo nikamwone mama. Kampuni haijajibu tangu Agosti."

"Umemwomba nani?"

"Idara ya wafanyakazi."

"Masikini mwanangu," alisema Eusebia. "Na yeye amekupa ua?"

"Ameniuliza nyota."

Eusebia alikitazama kijitu cha plasta, ambacho sasa kilikaa juu ya mzee wa eksirei, mdomo umefungwa, kikitetemeka kidogo kwa sababu ya feni. Alasitas haikuwa mbali.

"Nitakununulia wa kwako," alisema. "Ila safari hii nitaomba aliye mpole."

"Asante, doña."

"Usiniambie asante bado. Uchunguzi wangu unaendelea?"

"Unaendelea," alisema Wilder, akakohoa. "Mungu ni mwema, doña. Bado wewe ni mwizi."